Haijapimwa

Nilifika Sikonge na kompyuta moja, nyaya mbili,
na haraka ya mtu anayelipwa kwa wiki.
Ushirika wa asali ulitaka madaftari yahamie humo:
miaka kumi na mmoja ya Kapela, karani,
mwandiko mwembamba, kurasa zimegandana kwa nta.

Kila mstari: jina, kijiji, madebe, uzito.
Na kila baada ya mistari michache, safu ya uzito
haina kitu. Karatasi tu.

Programu haipendi karatasi tu.
Ukiiambia ijumlishe, ikakuta pasipo kitu,
inagoma katikati ya njia kama punda mwenye mzigo,
hasukumiki, havutiki,
na malipo ni Ijumaa.
Basi usiku ule, jenereta likikohoa uani, nikaandika:
kama uzito upo, chukua uzito;
kama haupo, weka sifuri.
Ikapita. Nikalala.

Ijumaa wakaitwa mmoja mmoja.
Nyanzala Msabila, Ipole, madebe manne.
Malipo: sifuri.

Hakupandisha sauti.
Aliweka kidole juu ya karatasi, kidole kilichovimba,
mwiba wa nyuki bado umo,
akauliza, "Hii sifuri, nani aliipima?"

Nikasema, mama, ni mashine.

"Mashine ilikuwepo Julai ile?
Mizani yenu ilikatika springi, nikaambiwa acha madebe,
tutapima kesho.
Kesho yenyewe ndiyo hii?
Mimi sikuleta sifuri. Sifuri ningeibeba kiganjani,
nisingekodi baiskeli."

Kapela akaitwa, akaja na miwani iliyofungwa uzi,
na hapo ndipo niliposomeshwa daftari.
Kistari: mtu hakuja.
Nukta: alikuja, asali mbichi, akarudishwa nayo.
Palipoachwa wazi kabisa: alileta, na deni ni letu.
Tupu tatu, kila moja na kisa chake,
nami nimezivalisha zote shati moja.

Mwenyekiti akataka tutumie wastani.
Debe kilo ishirini na nane, mara nne, yaishe, watu wana njaa.
Nyanzala akafikiri.
"Wastani ni asali ya watu wengine," akasema.
"Lakini nipeni. Ila andikeni pembeni kwamba mmekisia."

Neno hilo, pembeni, lilinikaa kooni.

Kwa maana mimi mwenyewe, darasa la kwanza, Tabora mjini,
fomu iliuliza jina la baba
na mama akatazama dirishani.
Mwalimu Nyamizi hakungoja. Akajaza Mihayo,
jina la babu yake, nilikuja kujua baadaye,
akapuliza wino ukauke.
Jina hilo limenipeleka chuo, limenifungulia akaunti,
lipo kwenye kitambulisho mfukoni mwangu sasa hivi.
Fomu isingepokelewa tupu, na mimi nisingepokelewa.
Simlaumu. Ningefanya hivyo hivyo.
Ila hakuna aliyeandika pembeni.

Usiku nikaurudia ule mstari wangu.
Nikafuta sifuri. Nikaandika:
kama haupo, usijaze; sema haijapimwa,
na umwite Kapela.
Inasimama mara kwa mara sasa, programu yangu.
Mwezi uliopita mara kumi na saba.
Mwenyekiti analalamika. Kapela anakuja na kiti chake.

Nimeacha kibadala kimoja tu, safu ya simu:
asiye na namba, huwekewa ya jirani,
na neno *jirani* mbele yake.

Nyanzala alikunja noti zake ndani ya kanga, akahesabu tena,
kisha akalisogeza debe moja, lililokwisha kumwagwa,
mpaka kwenye mizani mpya.
"Pimeni na hili. Mnaliita tupu."

Mshale ukatikisika, ukatulia.
Kilo moja na robo.
Kapela akaandika.